Kisu cha Pua cha Sultani Seifu

Hapo zamani, na ukome kunibetulia midomo kabla sijafika hata neno la nne. Nakujua. Wewe ni katika wale wanaoamini kila kilichoandikwa kwenye boksi la dukani, lakini mtu mzima akikwambia jambo kwa mdomo wake unauliza, "Kweli?" Kweli. Kama huamini, endelea kulisugua hilo boga kwa hicho kisu chako kinachometameta, nami nisimulie. Tutaona nani atamaliza kwanza.

Basi hapo zamani palikuwa na mji ukiitwa Kimbuni, na mtawala wake akiitwa Sultani Seifu. Seifu maana yake upanga, hata wewe nadhani ulipokuwa chuoni ulifika hapo. Lakini upanga wenyewe ulikuwa wa jina tu, maana bwana huyo hakuwa amekata kitu tangu azaliwe. Kucha alikatiwa, nyama alikatiwa, na shauri likiwa gumu alikatiwa pia. Alichokipenda yeye ni kung'aa. Sinia zake ziling'aa, vitasa vya milango yake viling'aa, na kofia yake ilidariziwa uzi wa dhahabu mpaka mbuzi wakimwona barabarani hupiga chafya.

Na huko Kimbuni kulikuwa na desturi. Siku ya Idi ya kuchinja, watu wakishatoka kuswali, hakuna aliyeruhusiwa kumgusa mnyama wake mpaka Sultani amchinje wa kwanza kwa mkono wake, hadharani, uwanjani mbele ya jumba. Tajiri na maskini wote wangoje. Marehemu baba yake alikuwa akichinja kwa kisu cheusi kama mwiko ulioungua, na kondoo hakupata hata nafasi ya kushangaa. Mzee alipofariki, mwana akakitupa kisu kile kisimani, ati hakilingani na joho lake.

Ikawa pale mjini palikuwa na tajiri mmoja, jina lake Mahfudhi, mwuza vitu vya anasa, mwenye ulimi laini kama samli iliyoachwa juani. Mwaka wa kwanza wa utawala, Mahfudhi alimletea Sultani kisu cha kukunja, mpini wake wa pembe. Sultani alipokiweka kwenye shingo ya kondoo na kukandamiza, kisu kikajikunja kikamla kidole cha shahada. Damu pekee iliyomwagika kwa mkono wa Sultani siku ile ilikuwa ya kifalme. Ikabidi kadhi amalizie kazi, na watu wakajifanya hawakuona.

Mwaka wa pili Mahfudhi akarudi. Mwingine angeona haya, yeye akarudi na kisu cha bei mara tatu ya kile cha mwanzo.

"Maulana," akanena, "kile hakikuwa hadhi yako. Tazama hiki. Hakikunjiki. Mpini wake umevikwa dhahabu. Hakishiki kutu hata ukikizika baharini. Na chuma chake, Maulana, ni pua tupu."

Pua, kwa wewe usiyejua, ni chuma kigumu kilichopikwa kikaiva. Si hiyo iliyokukaa usoni. Fundi akisema kisu cha pua, anasema kisu kinachoshika makali. Lakini Sultani hakuuliza habari ya makali. Alikishika kisu, akajitazama humo kama kwenye kioo, akaweka sawa kilemba chake, akasema, "Hiki ndicho."

Hata siku ya Idi ikafika. Watu wametoka kuswali, nguo mpya, watoto wamepakwa wanja, na kondoo na mbuzi wamefungwa kila kona. Sultani akashuka, kondoo dume akalazwa, bismillahi ikasomwa, kisu kikawekwa shingoni. Sultani akavuta. Akavuta tena. Akasukuma. Kisu kikaenda mbele na nyuma juu ya sufu kama mtu anayepiga mswaki. Basi kondoo yule, ambaye mwanzo alikuwa amefumba macho, akayafumbua, akamtazama Sultani, akajinyanyua, akawapita walinzi wawili na kadhi mmoja, akatokomea mitaa ya nyuma.

Watu wote wakatazama chini. Kila mmoja akauma mdomo wake. Ila mmoja.

Huyo mmoja akiitwa Vuai. Kazi yake ilikuwa kuchuna ngozi za wanyama waliochinjwa, kwa malipo ya utumbo na kwato. Hakuwa na kitu. Alikuwa na kanzu moja, mke mmoja, na kisu kimoja, na katika vitatu hivyo kilichokuwa na heshima mbele za watu ni mke. Watu walimwita punguani, kwa sababu alikuwa akisema jambo kama lilivyo. Basi Vuai akacheka. Si kicheko cha kujificha kwenye kanga, bali cha mtu mzima aliyesimama wima, mpaka machozi.

Sultani akakitupa kisu kile kwa ghadhabu. Kikaruka juu ya ukuta, kikaangukia jaani. Kisha akauliza, "Nani amenicheka?"

"Lebeka Maulana, aliyecheka ni mimi. Ila sikukucheka wewe. Nilimcheka kondoo."

"Kondoo amefanya nini?"

"Hana adabu, Maulana. Sultani mzima amemkuna shingo siku ya sikukuu, naye ameondoka bila hata kusema ahsante."

Basi hapo wale waliouma midomo wakashindwa. Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko. Ukitaka kujua rangi ya Sultani wakati ule, tazama biringani.

Mahfudhi naye akaona hapa akinyamaza, lawama itageuka imfuate yeye. Akasogea sikioni mwa Sultani, akanong'ona, "Maulana, anayejua kucheka kisu cha mwenzake, bila shaka anajua kuchagua kilicho bora. Mwamrishe alete."

Sultani akaipenda rai ile. Wapumbavu hupenda sana rai zinazonong'onwa. Akapaza sauti:

"Ewe Vuai! Wewe utaniletea kisu. Na naapa kwa kiti hiki, sitachinja ila kwa kisu hicho, na mpaka nichinje mimi hakuna atakayechinja katika mji huu. Karani, andika. Kwanza, kiwe cha pua. Pili, kisikunjike. Tatu, king'ae hata nijione. Nne, kisishike kutu. Tano, makali yake yasiishe. Sita, kisinikate mimi. Saba, kiwe rahisi, bei yake isizidi kuku mmoja, kwa maana nimechoka kuibiwa. Nakupa mpaka kesho kutwa kabla ya adhuhuri. Ukileta pungufu hata sharti moja, pua yako itakatwa hadharani, na itakatwa kwa kisu hicho hicho utakacholeta. Aliyekosa kuleta pua atatoa pua."

Akajiona amesema neno la maana sana. Mahfudhi akapiga makofi. Karani akaandika neno kwa neno, akapiga mhuri, na watu wakarudi majumbani na sufuria zao tupu. Pilau bila nyama siku ya Idi! Kondoo na mbuzi wakaendelea kulia kila ua, wanataka majani, na wenyewe hawana majani wala ruhusa.

Vuai alipofika kwake alimkuta mkewe, Bi Mize, amekaa kizingitini na upawa mkononi. Habari zilikuwa zimemtangulia.

"Haya," Bi Mize akasema. "Umecheka. Umefurahi?"

"Kidogo."

"Mume wa watu! Mji mzima umeuma midomo, wewe midomo yako ilikuwa imeazimwa? Sasa kesho kutwa utarudi hapa uso bapa kama chapati. Bila pua utajuaje wali umeungua?"

"Mke wangu, kwani wako huwa haungui? Nitakisia."

Bi Mize akamtupia upawa, akaukosa, akacheka kwa hasira, kisha akalia. Kwa maana mwanamke yule hakuwa mjinga. Alijua ukikatwa pua watu hawakupi tena kazi, wanakuona mkosi, na mchuna ngozi asiyepewa kazi hula nini? Hula maneno.

"Nipe kisu chako nikitazame," akasema.

Vuai akakitoa kiunoni. Kilikuwa kisu cheusi, kifupi, kipana kidogo kuliko vidole viwili. Mhunzi wa shamba alikifua kutokana na tupa kuukuu iliyokwisha meno, kwa malipo ya kuku mmoja tena mgonjwa. Msuka wake, ule mkia wa chuma unaoingia kwenye mpini, ulipita mpaka mwisho ukaonekana upande wa pili, na misumari mitatu imeushika. Mpini ni kipande cha mti wa mpera. Hakikuwa na sura. Lakini Bi Mize alipokishusha juu ya kitunguu, kitunguu hakikujua kimekatwa lini.

"Si uwapelekee hiki?"

"Hiki kinashika kutu, mke wangu. Nisipokipangusa na kukipaka mafuta ya nazi, kesho kimeota ndevu nyekundu. Makali yake yanaisha, ndiyo maana nina jiwe la kunolea. Hakimwoneshi mtu uso wake. Na kidole cha Sultani kikikaa vibaya kitakwenda. Hayo ni masharti manne nimeshindwa, na pua ninayo moja."

"Basi hakuna kisu cha namna anayoitaka yeye. Kigumu kisichoisha, kinachong'aa kisichoota kutu, tena bei ya kuku! Amekutuma kitu kisichokuwepo duniani."

Vuai akakunjua viganja. Akahesabu kwa vidole, kimoja kimoja, akirudia maneno ya Sultani kama mtoto anayedurusu. Alipofika cha saba akarudia tena toka mwanzo. Kisha akatazama kidole cha nane, akakikunja, akakikunjua, na uso wake ukaanza kufunguka.

"Mize," akasema, "kipo. Nimekiona leo asubuhi."

Akatoka akaenda zake jaani.

Hata siku ya kesho kutwa ikawadia. Uwanja ukajaa kuliko siku ya Idi yenyewe, na watu hawakuja kuangalia kisu. Walikuja na kondoo wao wamewafunga kamba, ili likitoka neno tu wachinje papo hapo, maana siku za kuchinja zilikuwa zinaisha na watu wameshiba njugu. Sultani ameketi, Mahfudhi mkono wa kulia, karani mkono wa kushoto, askari amesimama. Jua limeshapanda.

Vuai akaja na kanzu yake moja. Chini ya kwapa amebeba kitu kimefungwa kwenye jani la mgomba. Nyuma yake Bi Mize, amejitanda, macho makavu.

"Umeleta?" Sultani akauliza.

"Nimeleta, Maulana. Vyote saba. Naomba karani asome moja moja, na mimi nijibu moja moja."

Akafungua jani. Ndani yake kuna kisu chenye mpini wa dhahabu, kinang'aa kama kilivyokuwa kinang'aa siku ya kwanza.

Sultani akaruka. "Hicho ni kisu changu!"

"Kilikuwa chako, Maulana, ukakitupa. Karani, soma bwana."

Karani akasoma: "Kwanza, kiwe cha pua."

Vuai akamgeukia Mahfudhi. "Bwana mkubwa, kisu hiki ulikiuza wewe. Ni cha pua, au si cha pua?"

Ah! Ungemwona Mahfudhi. Akisema si cha pua, amemdanganya Sultani mbele ya kiti chake. Akisema ni cha pua, Vuai amepita. Akatazama kulia, akatazama kushoto, hakuna aliyemsaidia. "Cha pua," akasema, kwa sauti ya mbu.

"Ahsante. La pili."

"Kisikunjike." Vuai akajaribu kukikunja, hakikukunjika. "Tatu, king'ae." Akamwelekezea Sultani, Sultani akajiona, na kwa mazoea akagusa kilemba chake. "Nne, kisishike kutu."

"Kimeshinda jaani siku ya Idi baina ya vichwa vya samaki na maganda ya ndimu, Maulana. Changu mimi kingekwisha kuliwa. Hiki tazama, hakina hata doa. Hapo bwana Mahfudhi amesema kweli, tumpe haki yake. Kuna chuma kisichoshika kutu. Ndicho hiki."

"Tano, makali yake yasiishe."

"Makali ya kisu hiki, Maulana, hayajaanza. Yataishaje?"

Watu wakaanza kuguna. Sultani akakunja uso.

"Sita, kisimkate Sultani."

"Umekitumia siku ya Idi kwa nguvu zako zote. Kilikukata?"

"Hakikunikata," Sultani akajibu kabla hajajizuia.

"Saba, bei yake isizidi kuku mmoja."

"Hapo palikuwa na taabu kidogo, Maulana. Nilipofika jaani nilimkuta kuku wa jirani amekisimamia, anajidonoa. Nikamfukuza, nikakichukua. Kuku alikuwa mmoja. Hakuzidi."

Basi Sultani akasimama, povu mdomoni. "Ewe mwana kharamu! Unanichezea! Kisu hiki hakikati!"

Vuai akainama kwa adabu. "Maulana wangu, mimi ni mtu mjinga, sikusoma. Naomba karani atafute kwenye karatasi yake mahali ulipoandikisha kwamba kikate."

Karani akatazama karatasi. Akaigeuza. Akaisoma toka juu mpaka chini, akaisoma toka chini mpaka juu. Kisha akaikunja taratibu, akasema, "Hapana."

Unaona? Mtu ametaja pua, ametaja mng'aro, ametaja kutu, ametaja bei, amejitaja mpaka yeye mwenyewe. Kukata amesahau. Na usicheke, maana na wewe dukani ulifanya nini? Ulijitazama meno.

Lakini mtawala aliyefedheheka hasikii hoja. Sultani akapiga kelele, "Askari! Mkate pua! Sasa hivi!"

Bi Mize akashika kifua. Vuai akanyoosha mkono mmoja. "Nimekubali, Maulana. Ila hukumu imepigwa mhuri, tusiibadilishe. Ilisemwa kwa kisu gani?"

"Kwa kisu hicho hicho utakacholeta," karani akasoma.

"Basi ndicho hiki. Kikikata, kitakuwa kimetimiza hata lile Maulana alilolisahau, nami sina kosa. Kisipokata, tutajua hapo hapo. Njoo, askari. Ila usinitekenye."

Akaketi chini, akainua uso. Askari akakishika kile kisu cha dhahabu, akakiweka kwenye pua, akavuta. Watu wakafumba macho. Askari akavuta tena, akarudisha, akavuta. Pua ya Vuai ikaenda kulia, ikaenda kushoto, ikawa nyekundu, lakini ikabaki kwao. Askari akatokwa jasho. Akaegemea kwa nguvu zote, na kule kuegemea ndiko kulikovunja kila kitu: bamba likachomoka kutoka kwenye mpini, likaanguka chini. Msuka wake ulikuwa mfupi kama ulimi wa kuku, umeshikizwa kwa nta! Askari akabaki ameshika mpini wa dhahabu kama mtu aliyeshika sikio la kikombe kilichovunjika.

Na Vuai, kwa ule mtekenyo, akapiga chafya. Chafya kubwa, ya mtu aliyeishikilia muda.

"Alhamdulillahi," akasema.

Na uwanja mzima, kama inavyopasa kumwitikia mpiga chafya, ukaitika kwa pamoja: "Yarhamukallah!" Watu, kadhi, karani, askari. Na Sultani naye, kwa mazoea ya tangu utotoni, akajikuta ameitika kwa sauti kuliko wote. Mungu akurehemu!

Vuai akainuka, akajipangusa pua yake.

"Maulana, nakushukuru. Hukumu imetekelezwa kama ilivyoandikwa: pua imekatwa kwa kisu hicho hicho, kwa kadiri kisu hicho kinavyoweza. Na baada ya hukumu, wewe mwenyewe umeniombea rehema mbele ya mji mzima. Utaniombea rehema kwa ulimi na kunikata kwa mkono?"

Kadhi akatazama jua, akakohoa. "Maulana, adhuhuri inakaribia. Na dini inatutaka mwenye kuchinja anoe kisu chake. Tukimchinja mnyama kwa kitu kama kile ni mateso, na akifa kwa mateso ni kibudu, hatuli. Watu hawa wanataka kula."

Na kondoo wote, kama waliosikia, wakalia.

Basi Sultani, kwa sauti ambayo ilitoka kwa taabu, akauliza, "Ewe Vuai. Kisu kinachokata kiko wapi?"

Hilo ndilo swali ambalo angeliuliza siku ya kwanza, kondoo angekuwa ameshakuwa mchuzi. Vuai akatia mkono kiunoni, akatoa kisu chake cheusi.

Sultani akarudi nyuma. "Kinyago gani hiki? Chuma gani?"

"Tupa kuukuu, Maulana. Tupa kazi yake ni kula chuma kingine. Ikizeeka meno ikafuliwa kisu, ugumu wake haujaondoka. Mhunzi alikichoma moto, akakitia maji, kisha akakirudisha motoni kidogo mpaka kikawa rangi ya asali, ili kisiwe kigumu mno kikavunjika kama kigae. Msuka wake umepita mpini wote, tazama, unatokea huku. Kinashika kutu, sikufichi. Ukimaliza kazi unakipangusa na kukipaka mafuta. Makali yakichoka unakinoa. Kina kazi mbili hizo, na kinakuondolea kazi elfu."

Mahfudhi, aliyeona biashara yake inakufa, akacheka kwa pua. "Maulana, kitu cha mchuna ngozi! Hakikati hata siagi."

"Naam," Vuai akasema, "bwana Mahfudhi ni mjuzi wa visu, na neno lake lipimwe. Maulana, mimi nimepimiwa kisu chake kwenye pua yangu, nikakaa kimya. Ni haki naye apimiwe changu kwenye pua yake. Kama hakikati siagi, ataogopa nini?"

Sultani akamtazama Mahfudhi, safari hii kwa makini, kama anayemwona mara ya kwanza. Akainua kidole, kile cha shahada, chenye kovu. "Apimiwe."

Vuai akasogea hatua moja. Moja tu! Jua likalamba ukingo wa kile kisu, mstari mwembamba kama unywele, maana kwingine kote kilikuwa cheusi. Mahfudhi akashika pua yake kwa mikono miwili, akaanguka kifudifudi akilia, "Kinakata! Maulana, wallahi kinakata! Kile changu ni bati gumu la sinia lililosuguliwa! Kinakata, nimeshuhudia, kiondoeni!"

"Andika, karani," Vuai akasema. "Shahidi ni tajiri."

Basi Sultani akakishika kisu cheusi kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika mjusi, akamwendea kondoo. Bismillahi, akavuta mara moja. Mara moja tu, na kondoo hakupata hata nafasi ya kushangaa. Sauti ya furaha ikapanda uwanjani, na kabla Sultani hajageuka kila mtu ameshamlaza wake.

Mahfudhi hakukatwa pua. Alirudisha kila alicholipwa, kisha akaamrishwa amenye na kukatakata vitunguu vya pilau ya mji mzima kwa bamba lake lisilo na mpini. Inasemekana alilia mpaka machweo, na watu wakadhani ni majuto, kumbe ni vitunguu.

Sultani akamwambia Vuai, "Taka zawadi."

"Kuku mmoja, Maulana, ndiyo bei uliyoandikisha. Na karani aongeze neno moja juu kabisa ya ile karatasi, kabla ya lile la kwanza."

"Neno gani?"

"Kikate."

Sultani akacheka, akicheka kwa haya, na watu wakamsaidia ili asicheke peke yake. Kuku akatolewa, na kisu cheusi kikabaki jumbani. Ungedhani ameerevuka. Wapi! Mwezi haujapita, akaamrisha kisu kile kisuguliwe mpaka king'ae, kikatundikwa ukutani juu ya kiti chake, bila mafuta, dirisha la baharini liko wazi. Idi iliyofuata kilikuwa kimekwisha kuwa unga mwekundu. Wakamfuata Vuai tena mbio. Vuai naye alikuwa ameshafuliwa kingine kutokana na tupa nyingine, akawapa. Ila mwaka huo bei ilikuwa kuku wawili.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Mimi nimefika mwisho, na boga lako naona limefika mchubuko. Hapana, usininyooshee mkono. Hiki changu cheusi kimekuja kiunoni mwangu na kitaondoka kiunoni mwangu. Wewe mwite aliyekuuzia hicho, aje akukatie. Nipishe nipite. Na mlango nitaufunga mwenyewe, maana ninyi hata kitasa mmekichagua kwa kung'aa.